Bega la makanga wa Rongai: kutoka kuteguka hadi kurudi mlangoni

Kisa hiki ni cha kijana wa miaka 24, makanga wa basi la Rongai, aliyeteguka bega la kulia na ambaye maumivu yalimtoka mapema kuliko bega lilivyopona. Nimekichagua kati ya visa vingi vya bega ninavyokutana navyo katika fiziotherapia kwa sababu kinaonyesha mahali matibabu haya hukatikia hapa Nairobi. Mfupa unarudishwa, picha inatoka safi, mgonjwa anaambiwa apumzike, kisha anaachwa. Hakuna anayemwuliza mkono huo humfanyia kazi gani. Kijana mwenyewe ameridhia kisa chake kiandikwe, na machache ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha.

Tuanze na namna alivyoumia, maana mpango wote wa mazoezi ulitoka hapo.

Makanga wa basi kubwa husimama kwenye kidato cha mlango, uso ukielekea mbele, nusu ya mwili nje. Mkono wa kushoto unapiga bodi kumpa dereva ishara, na katikati ya vidole vyake mna noti zilizokunjwa kwa urefu. Mkono wa kulia umeshika chuma kilicho juu ya kichwa na nyuma kidogo ya bega. Mkao huo sheria imeukataza, na abiria yeyote wa jiji hili ameuona asubuhi na jioni. Siku hiyo walikuwa Barabara ya Magadi wakati wa jioni, bodaboda ikajitoma mbele ya basi, dereva akakanyaga breki. Mwili wa kijana ukaenda mbele, kiganja kikabaki kwenye chuma. Alisikia kitu kikitoka mahali pake, na tangu hapo mkono haukushuka wala haukupanda.

Hakuna kiungo mwilini kinachogeuka pande nyingi kama bega, na hakuna kiungo kikubwa kinachoteguka mara nyingi kama hilo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kibakuli chake kwenye kombe la bega, yaani ule mfupa bapa wa nyuma ya bega, ni kidogo na hakina kina. Picha yake ni kama chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha kikombe. Kinacholizuia lisibiringike ni ukingo wa gegedu unaokizunguka kibakuli, kano za mbele, na misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega na kukikumbatia kichwa cha mfupa mbele, juu na nyuma. Mkono ukiwa umeinuliwa pembeni, kiganja kimegeuka nje, kisha ukasukumwa nyuma, kichwa cha mfupa hupata njia ya kuponyokea mbele. Kati ya mabega 100 yanayoteguka, zaidi ya 90 hutokea mbele kwa namna hiyo. Yakitoka hivyo, mara nyingi ukingo wa gegedu huchanika upande wa mbele. Daktari Mwingereza Bankart aliueleza mchaniko huo mwaka 1923, na hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Pale barabarani wenzake walitaka kumvuta mkono. Dereva alikataa, akatafuta gari dogo, akampeleka hospitali ya umma. Hilo namsifu nalo kwa dhati. Bega linalovutwa bila picha ya eksirei linaweza kuwa na mfupa uliovunjika pembeni, na mvutaji akauvunja zaidi. Tena ipo neva inayopita chini kidogo ya kiungo, inayoendesha msuli mnene wa juu ya bega na kuipa ngozi ya hapo hisia. Daktari huipima kabla ya kurudisha mfupa na baada ya kuurudisha, ili ijulikane kama imeguswa. Sina ugomvi na akina mama wanaokanda kwa mafuta mitaani; mikono yao imewatuliza watu wengi waliokaza shingo na mgongo. Lakini mfupa uliotoka si wa kukandwa.

Hospitalini bega lilirudishwa, picha ya pili ikapigwa, akafungwa slingi ya kuning'iniza mkono shingoni na kupewa dawa za kutuliza maumivu. Akaambiwa asiinue vitu vizito na arudi akiona tatizo. Hakuelekezwa kwa mtu wa mazoezi.

Wiki mbili alikaa nyumbani. Ya tatu, maumivu yalikuwa yamebaki usiku tu. Makanga hulipwa kwa siku aliyofanya kazi. Asiyetoka hana cha kupeleka nyumbani, na kodi ya nyumba haijui slingi. Wiki ya nne akaanza kushika skwodi, tripu moja au mbili za kumpumzisha mwenzake. Wiki ya saba alikuwa amerudi kazini kabisa. Siku moja basi liliondoka steji kabla hajapanda, akalikimbilia, akashika chuma na kujivuta. Bega likateleza nusu, likarudi lenyewe. Hakuhitaji hospitali safari hiyo, ila alishtuka kiasi kwamba jioni alishindwa kuvua shati. Dereva wake ndiye aliyemleta kwetu. Alimwita "kijana yangu" muda wote, na nilipouliza swali yeye ndiye aliyejibu kwanza, hadi nilipomwomba amwachie mwenyewe azungumze.

Tulipompima, ukimwangalia tu ungesema amepona. Mkono uliinuka mbele hadi juu ya kichwa, ngozi ya bega ilikuwa na hisia kamili, msuli wa juu ulikaza vizuri. Lakini kugeuza mkono nje dhidi ya kiganja changu, kiwiko kikiwa ubavuni, kulikuwa dhaifu waziwazi ukilinganisha na upande wa kushoto. Kutoka nyuma, kombe la bega la kulia lilikuwa linachomoza kama ukingo kila aliposhusha mkono taratibu. Kisha nikamlaza chali, nikauinua mkono pembeni hadi usawa wa bega, kiwiko kimekunjwa, nikaanza kuugeuza nje polepole. Kabla sijafika nusu, mkono wake wa kushoto uliruka ukanishika kifundo cha mkono na macho yakamtoka. Nikamwuliza kama inauma. Akasema, "Haiumi, daktari. Naona inataka kutoka." Nilipoweka kiganja mbele ya bega na kulisukuma nyuma kidogo, hofu ikaisha, nikaweza kuugeuza nje zaidi.

Jibu hilo ndilo lililotuonyesha tatizo. Bega linalouma na bega linalotaka kutoka hayatibiwi sawa. Hili lilikuwa limelegea mbele, na mwili ulikuwa unalijua jambo hilo hata kama dawa zilikuwa zimeshaisha.

Umri wake ulitutia wasiwasi zaidi. Kwa vijana wa kiume walio chini ya miaka 25, nusu yao au zaidi huteguka tena baada ya mara ya kwanza, na kila mara linapotoka ukingo na mfupa huzidi kulika. Mtu wa miaka 50 akiteguka, hatari ya kurudia ni ndogo; kwake wasiwasi ni kwamba ile misuli midogo huenda imechanika, hivyo akishindwa kuinua mkono baada ya wiki kadhaa asiambiwe ni uvivu. Kwa kijana huyu tulimwandikia barua kwa daktari wa upasuaji wa mifupa siku hiyohiyo, kisha tukaanza mazoezi. Barua haikuwa na maana kwamba mazoezi ni ya kupoteza wakati. Foleni ya kumwona daktari huyo ni ndefu, na hata anayepasuliwa huhitaji misuli ileile baadaye.

Kuhusu slingi, wengi huuliza kama angekaa nayo muda mrefu zaidi angepona vizuri. Kwa bega la namna hii, wiki moja hadi tatu hutosha, na kurefusha zaidi hakujaonekana kuzuia lisitoke tena. Kilichokosekana kilikuwa kile kilichopaswa kufuata slingi.

Hatua ya kwanza haikuwa na vifaa. Usiku mto uliwekwa nyuma ya kiwiko akilala chali, ili mkono usianguke nyuma ya mwili. Lala ya namna hiyo peke yake ilimpunguzia maumivu ya usiku ndani ya siku chache. Mchana alisimama kando ya ukuta, kiwiko ubavuni, akausukuma ukuta kwa upande wa nje wa kifundo cha mkono, kwa kama robo ya nguvu zake, bila mkono kusogea. Kisha akausukuma kwa ndani, kisha mbele, kisha nyuma. Misuli midogo huamka kwa kukazwa kidogo na kwa muda. Ukiisukuma kwa nguvu zote, ile mikubwa ya kifua huipokonya kazi.

Tulipofika kwenye mazoezi ya kuvuta, mipira ya hospitali haikuwa ya bei yake. Tukatumia blada, zile kamba za mpira wa ndani wa gurudumu ambazo watu wa boda hufungia mizigo. Inapatikana kila kona na haikatiki ovyo. Ubaya wake ni kwamba ni ngumu kuliko mpira mwembamba wa kuanzia, kwa hiyo tuliikata nyembamba, upana wa kidole, ikawa ndefu. Aliifunga kwenye komeo la mlango, akaweka taulo lililokunjwa kwapani ili kiwiko kisitoke ubavuni, akauvuta mkono kuelekea nje na kuurudisha polepole. Kule kurudisha polepole ndiko tulikokusisitiza kuliko kuvuta. Raundi tatu za mara 10 hadi 15, siku moja ndiyo siku moja hapana. Kanuni ya maumivu ilikuwa rahisi: kwenye mizani ya sifuri hadi kumi yasipande juu ya tatu, na asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Yakilala na kuamka naye, tunapunguza.

Kombe la bega lilipata mazoezi yake: kusukuma ukuta kwa viganja viwili na kumalizia kwa kuusukuma mgongo wa juu nyuma, kisha kuvuta blada kama mtu anayepiga kasia. Mkono unapoinuka, kombe nalo linapaswa kuzunguka. Likibaki nyuma, kibakuli hakikifuati kichwa cha mfupa na mzigo wote hubaki kwenye kano zilizochanika.

Zoezi lililomvutia ni lile la macho kufumbwa. Analala chali, mkono umesimama wima kuelekea dari, macho amefumba. Mimi nagusa kifundo chake kwa vidole viwili, mara kushoto, mara juu, mara mbele, bila mpangilio, naye kazi yake ni kutoruhusu mkono usogee. Mara ya kwanza mkono ulitetemeka, ukayumba huku na huku kabla ya kujibu. Kano zinapochanika, habari za mahali mkono ulipo hufika kwa kuchelewa, na bega linaloponyoka huponyoka katika nafasi hiyo fupi ya kuchelewa. Wiki chache baadaye niliugusa, nao ulijibu kabla sijaondoa kidole. Alicheka kwa sauti, mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kutuangalia.

Katikati ya safari tulikwama. Nguvu ya kugeuza nje iliacha kupanda, na mbele ya bega pakaanza kuuma upya. Tulipomdadisi, akaeleza kwamba rafiki zake walimpeleka jimu ya mtaani, ile yenye chuma kilichochomekwa kwenye mikebe ya rangi iliyojazwa saruji. Walimwambia bega hujengwa kwa kifua. Alikuwa analala kwenye benchi na kusukuma chuma juu, viwiko vimetanuka na kushuka chini ya usawa wa mwili. Nawaheshimu vijana wa jimu hizo, wengi wao wameacha mambo mabaya kwa sababu yake. Ila kwa bega lililotoka mbele, kushusha viwiko hivyo ni kulirudisha kwenye njia ileile ya kutokea, huku msuli wa kifua ukinenepa na kukivuta kichwa cha mfupa mbele zaidi. Hatukumkataza kwenda. Tulimpangia: kuvuta kabla ya kusukuma, na akisukuma afanyie sakafuni, ambapo kiwiko hugonga chini na hakiwezi kuvuka usawa wa mwili. Kilo za saruji zikashuka nusu. Maumivu yakatulia.

Suala la pesa ndilo lililotishia kuvunja kila kitu, na hapa dereva alifanya kazi ambayo hakuna mtaalamu angeifanya. Aliongea na mwenye gari na watu wa steji, kijana akawekwa mjini kuita abiria na kupanga foleni, kwa malipo madogo kuliko ya makanga. Haikumtosha, lakini ilimpa chakula bila kumrudisha mlangoni. Nimeona mipango mizuri ya mazoezi ikifa wiki ya tano kwa sababu mtu alilazimika kuchagua kati ya bega na watoto. Ndiyo maana siku hizi swali la kazi naliuliza mapema kabisa, na nikiweza naomba kuongea na anayemwajiri mgonjwa.

Mwezi wa tatu wa mazoezi akaanza kuuliza kila mara: lini? Kalenda haikuwa na jibu. Tulikubaliana vipimo. Kwanza, nguvu ya kugeuza nje na ndani ifike angalau tisa ya kumi ya upande wa kushoto, tukizingatia kwamba yeye ni wa mkono wa kulia. Pili, aweze kukaa katika mkao wa pushapu, ahamishe mkono mmoja kugusa mwingine kwa zamu, bila bega kuyumba. Tatu, arushe mpira ukutani na kuudaka kwa mkono wa kulia ulioinuliwa. Nne, ile hofu ya kitandani iwe imeondoka au imebaki kidogo sana mwishoni kabisa. Viwili vya mwanzo alivipata. Cha tatu kilichukua muda, na cha nne kilikuwa cha mwisho.

Kisha tulienda kwenye basi lenyewe, limeegeshwa uwanjani. Sikubali kumruhusu mtu arudi kazini kwa vipimo vya chumbani peke yake wakati kilichomwumiza kiko nje. Alipanda kidatoni na mkono ukaenda moja kwa moja kwenye kile chuma cha juu nyuma ya bega. Mazoea hayo ni ya miaka. Tukaanza upya: miguu yote miwili ndani, mgongo umeegemea ukingo wa kiti cha kwanza, mkono umeshika chuma cha wima kilicho chini ya usawa wa bega, na kiwiko kimekunjwa mbele ya mwili mahali macho yake yanapokiona. Nilimwambia kanuni moja ya kubeba: kiwiko usichokiona kiko hatarini. Nikamfundisha pia kukaza kiganja kwenye chuma kabla basi halijaondoka, kwa kuwa kushika kwa nguvu huamsha ile misuli midogo ya bega. Dereva akaliendesha basi taratibu uwanjani, akakanyaga breki kidogo, kisha zaidi. Kijana alibaki wima, bega likabaki mahali pake.

Kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zile watu wanazoziita za Michuki kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na sare ya damu ya mzee kwa makanga. Mkanda humlinda abiria aliyeketi. Makanga anabaki amesimama siku nzima, na bega lake halilindwi na chochote isipokuwa misuli yake na busara ya dereva. Natamani sana vyama vya matatu viweke chuma cha wima kinachofaa kushikwa mlangoni na kumkataza mfanyakazi kukimbilia gari lililokwisha kuondoka. Hakuna zoezi linaloweza kushindana na mchezo huo wa kila siku.

Kwa anayesoma haya akiwa na slingi shingoni: ukihisi ganzi juu ya bega au mkononi, mkono ukiwa baridi au umebadilika rangi, au ukishindwa kabisa kuinua mkono, rudi hospitali usisubiri mazoezi. Na unapotafuta mtu wa fiziotherapia, uliza kama amesajiliwa. Kenya ina sheria ya kazi hii tangu mwaka 2014, pamoja na baraza linaloisimamia, na mtaalamu wa kweli hachukii kuulizwa.

Kijana amerudi kazini, tripu nusu kwa mwezi wa kwanza, kisha zote. Bega halijatoka. Blada anaivuta mara mbili kwa wiki, na tumekubaliana aendelee hivyo maadamu yuko katika kazi hii. Kitandani hofu bado inaonekana kidogo mkono unapofika mwisho kabisa wa kugeuka, maana mazoezi hayashoni ukingo uliochanika. Yanaipa misuli uwezo wa kuziba pengo lake. Kwa sababu hiyo miadi ya daktari wa upasuaji hatukuifuta. Bega likitoka tena hata mara moja, ataenda kwake bila mjadala, na dereva anayajua makubaliano hayo.